Mezani Kuna Nini?

"Mezani kuna nini?" Mjomba aliuliza, nasi hata Malindi hatujaiacha vizuri.

Mimi ndiye niliyeshika usukani. Yeye alikaa kiti cha mbele, bakora kaiweka katikati ya magoti, uso kauelekeza kwenye kioo kama mtu anayeitazama barabara. Haioni. Macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, na kilichobaki ni mwanga na vivuli vinavyopita. Binti yangu wa miaka 9 alikuwa nyuma na chupa za maji.

"Matikiti," nikamjibu. "Yamepangwa chini juu ya magunia. Mezani kuna mikungu ya ndizi na mafungu ya mchicha."

"Basi daraja la Sabaki li mbele. Punguza mwendo, hapo ng'ombe huvuka kwenda kunywa."

Ng'ombe hawakuwapo asubuhi ile, lakini daraja lilikuwapo, vilevile alivyosema.

Mjomba aliendesha lori la chumvi kwa miaka 26, Gongoni hadi Mombasa na kurudi. Februari amepangiwa kupasuliwa jicho la kwanza. Daktari amemweleza taratibu, nasi tumemhesabia watu wa mtaani waliopasuliwa ambao leo wanasoma msahafu bila kuhangaika. Huitikia kwa kichwa. Lakini usiku mmoja baada ya chakula aliniambia: "Kabla hawajanigusa, nipitishe njia yangu mara moja. Mafuta nitatia mimi." Mafuta niliyakataa. Safari niliikubali, na yeye akaongeza ombi la pili: tufike Marafa, tuione Nyari, korongo la huko. Miaka yote hiyo alipita bara na pwani ya Magarini na hakuwahi kuingia, kwa sababu lori lina saa zake na mwenye lori ana saa zake.

Sikujua la kumwambia. Kumpeleka mtu asiyeona mahali ambapo wageni hutoka ng'ambo ya bahari kuja kupatazama? Nilijaza tangi nikanyamaza.

Kuhusu meza, alinieleza mwenyewe tulipokuwa juu ya daraja. Mwanamke anayeuza kando ya barabara hana gari la kumletea mali kutoka mbali. Anachokiweka mezani kimetoka nyuma ya nyumba yake, au nyuma ya nyumba ya jirani. Kwa hiyo dereva aliyechoka, usiku, mvua ikinyesha na vibao vya njiani havisomeki, akimulika meza moja tu anajua yuko wapi. Matikiti, ndizi na mchicha maana yake kuna maji ya kumwagilia, na maji ya kumwagilia upande huu ni Sabaki. Na ukikuta mezani kitu ambacho ardhi ya pale haikitoi, hiyo ni habari, simama uulize.

"Na mto una rangi gani leo?" akamuuliza binti yangu.

"Kama chai ya maziwa, Babu."

Alicheka. Rangi hiyo watu wa Malindi tunaijua vizuri, maana miezi ya kaskazi mkondo huyasukuma maji ya mto kuja kusini, na ghuba yetu yote hugeuka kahawia. Wenye mahoteli hulalamika, na wageni huuliza kama bahari imechafuka. Huo ni udongo. Mto huu huitwa Athi huko juu, ukikutana na Tsavo unakuwa Galana, ukifika kwetu ni Sabaki; ni mto mmoja, majina matatu, na unabeba mvua ya Nairobi na Ukambani pamoja na mashamba yaliyoachwa wazi njia nzima. Mjomba anakumbuka ufuo wa Malindi ulivyokuwa mwembamba utotoni mwake. Leo mtu anatembea mchangani hadi miguu inachoka kabla hajayafikia maji. Shamba la mtu wa Machakos limekuja kulala mbele ya nyumba zetu.

Mchanga mwingine huenda kaskazini, na huo ndio tuliusimamia mwanzo. Baada ya mlango wa mto, kuelekea Mambrui, kuna vilima vya mchanga mtupu. Mto huumwaga baharini, mawimbi huurudisha ufuoni, upepo huukausha na kuupandisha. Binti yangu alivua viatu akapanda mbio, akateleza, akapanda tena. Ukisimama katikati, mabonde ya mchanga pande zote na bahari haionekani, utaapa uko nchi nyingine. Ilikuwa saa 2 asubuhi na mchanga umeshaanza kuunguza. Mjomba alibaki chini karibu na gari, akachota mkono mmoja, akauacha umwagike mbele ya upepo. "Kaskazi hiyo," alisema. "Ikija kusi itavirudisha."

Mambrui tulikunywa chai. Mezani kulikuwa na mahamri na mbaazi za nazi, na sufuria ya samaki wa kukaanga iliyofunikwa kwa sinia. Sina haja ya kuwaeleza wenzangu wa pwani mahamri ya saa 2 na nusu yalivyo. Mji wenyewe ni wa kale sana, una kaburi la nguzo lililopachikwa mabakuli ya kauri ya Kichina, na mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na China walifukua hapa sarafu ya shaba ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15. Kwa Mjomba hilo ni jambo la kawaida kabisa. Mambrui ilikuwa na meza kando ya njia tangu njia ilipokuwa bahari, aliniambia, na mtu wa mbali akiacha pesa yake hapo kuna ajabu gani?

Kisha Gongoni, na hapa lazima nikawie kidogo, kwa sababu hapa ndipo Mjomba alipoteremsha kioo na kunyamaza.

Kabla ya kuliona shamba la chumvi unalihisi. Midomo inakauka, hewa inakuwa na ukali. Halafu miti inakwisha. Upande wa bahari yamelala majaruba, moja baada ya jingine, yametenganishwa na matuta ya udongo, na mwanga unaoruka kutoka kwenye maji yale unakulazimisha ufumbe macho. Mbali kabisa ni vilima vyeupe vya chumvi iliyovunwa. Kutoka Gongoni mpaka kupita Marereni ni hivyo hivyo, na sehemu kubwa ya chumvi inayoliwa Kenya hutoka ukanda huu. Nyumbani tunaitia kwenye mchuzi bila kufikiri ilikotoka.

"Mama, maji haya mbona ya waridi?"

Mjomba ndiye aliyemjibu. Maji huingizwa bamvua, bahari inapojaa sana, yakapelekwa bwawa la kwanza. Hapo hayafanyiwi kitu, yanaachiwa jua na upepo. Yakipungua yanahamishwa la pili, kisha la tatu, na kila bwawa ni kali kuliko lililotangulia. Chokaa na jasi hutangulia kuzama, ndiyo maana hayavunwi mapema. Yakishafikia ukali wake huachiwa kwenye majaruba ya mwisho, na hapo chumvi huanza kuota juu kama utando, halafu inatua. Maji yanayobaki ni machungu, lazima yamwagwe, la sivyo chumvi yote itakuwa chungu. Rangi ya waridi ni vijidudu vidogo mno vinavyopenda maji makali. Ukiviona ujue mavuno yanakaribia. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi, kama vijiko viwili vikubwa. Binti yangu alikitazama kilima cheupe, akakitazama tena, akaanza kuhesabu lita kwa vidole.

Mjomba hakutaka tuingie ndani. Alitaka tusimame tu pale malori yanapotokea barabarani. Alikaa na kioo wazi, akayasikiliza. "Huyu kabeba kupita kiasi," alisema moja lilipopita. Baadaye kidogo akaniambia jambo ambalo sijawahi kumsikia akilitaja nyumbani: kwamba wapakiaji wa siku zake walifanya kazi bila viatu vya maana, chumvi ikiwala nyayo, na kuna aliyekuwa akifika nyumbani akashindwa kukanyaga sakafu. Yeye alikuwa juu, kwenye kiti. Aliwaletea mafuta ya nazi kutoka Mombasa, chupa moja kila safari. "Ilikuwa kidogo," akasema. Sikumjibu kwa maneno, niliushika mkono wake.

Alisali adhuhuri msikiti wa Gongoni. Sokoni nilimsomea meza: viatu vya mitumba, chaja za simu, betri, taa za sola, vijifuko vya sabuni, kuku wawili waliofungwa miguu. Hakuna hata kimoja kilichotoka nyuma ya nyumba ya mtu, ukiacha kuku. Mahali alipokuwa akinywa supu ya pweza pana duka la simu. Aliuliza jina la mama mwenye supu, na kijana wa dukani akasema huyo ni nyanya yake, yu hai, yuko Ngomeni. Mjomba alimpa salamu ndefu azifikishe, na kwa ajili ya heshima akanunua tochi.

Ngomeni hatukwenda, jua lilishapanda. Lakini tukiwa kwenye kona yake nilimwonyesha binti yangu upande wa bahari nikamwambia kwamba mwaka 1970, tarehe 12 Desemba, Waitaliano na Wamarekani walirusha setilaiti kutoka kwenye jukwaa lililosimama majini pale, wakaipa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa sikukuu yetu, na ndiyo setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kutazama eksirei zinazotoka mbinguni. Mtoto wa shule ya Malindi anafundishwa miezi ya sayari nyingine na haambiwi hili. Linaniuma.

Tukageuka bara.

Barabara ya vumbi, madirisha juu, joto ndani. Meza zilibadilika mara moja. Mananasi, tena mananasi, yamepangwa kama watoto wa madrasa, na harufu inaingia hata kioo kikiwa kimefungwa. "Magarini," Mjomba akasema bila kuuliza. Tulinunua matatu, muuzaji akatukatia la nne bure kwa sababu ya mtoto. Muhogo mbichi. Korosho za kuchoma kwenye chupa za soda. Halafu nikaona magunia, marefu, yamefungwa juu kwa majani makavu.

"Makaa," nikasema.

"Mangapi?"

"Kumi. Kumi na mawili. Mbele kuna mengine."

Alinyamaza mpaka tukayapita yote. Siku zake upande huu waliuza nazi na mahindi, alisema mwisho, na makaa yaliuzwa mbali kabisa ndani. Sikutaka kumlaumu mama aliyekaa karibu na magunia yale. Msimu ukikataa, mti ndio uliobaki nyuma ya nyumba yake, na ada ya shule haingoji mvua.

Tukiwa hapo hapo Magarini, tulizungumza habari za Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewaongoza watu wake kuwapinga Waingereza, ambaye kaburi lake liko Bungale. Binti yangu anaijua sanamu yake pale mjini, basi. Alikuwa hajui kwamba ugomvi ulihusu pia ardhi hii tuliyokuwa tukiipita. Wagiriama walikuwa wamevuka Sabaki wakalima kaskazini yake, nafaka yao ikasafirishwa kupitia Malindi na Mambrui. Mwaka 1914 serikali ya Waingereza ikawaamuru wauvuke mto kurudi kusini, waache mashamba yao, nayo ilikuwa ikidai vijana wao wakafanye vibarua. Mekatilili alikuwa amekamatwa mwaka 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, mwisho mwingine wa nchi. Wakatoroka, wakarudi kwa miguu.

"Kwa miguu kutoka Kisii?" aliuliza. Alitazama nje muda mrefu. Miguu yake yeye ilikuwa bado na mchanga wa Mambrui.

Tulifika Marafa saa 10 alasiri.

Wageni wengi huiita Jiko la Shetani. Mimi jina hilo silipendi na sitalitumia tena hapa; wenyewe wanaiita Nyari, mahali palipobomoka. Hakuna kitu kinachokutayarisha. Unatembea kwenye uwanda wa kawaida wa kijiji, vichaka, mbuzi, kuku, halafu mbele ya vidole vyako ardhi haipo. Chini kumesimama minara, mamia, myembamba na mikali, nyeupe chini, waridi juu yake, halafu rangi ya chungwa, halafu nyekundu ya tofali, na vivuli vya alasiri vinaipanua kila mmoja. Nilisimama na maneno yakaniisha. Na pembeni yangu Mjomba, bakora mkononi, ananingoja.

"Mezani kuna nini?" akauliza kwa sauti ndogo.

Binti yangu ndiye aliyejibu. "Babu, ni kama mkate wa sinia mkubwa sana, kama mji, halafu mtu akaukata kwa haraka. Vipande vingine vimesimama, vingine vimeanguka. Ndani una rangi nyingi. Na hauna mtu."

Kijana wa kijijini anayeongoza wageni alituhadithia kisa chao cha zamani. Hapa waliishi watu matajiri wa ng'ombe, maziwa mengi mpaka wakayaogea, huku majirani wana njaa. Mungu akakasirika, ardhi ikawameza. Nyeupe unayoiona ni maziwa yao, nyekundu ni damu yao. Mjomba aliuliza kama majirani walisalimika. Kijana akasema ndiyo, na kwamba yeye ni mjukuu wao.

Nami nataka niseme lile lililonishangaza kuliko kisa. Tunapaita jangwa, na macho yanasema jangwa, lakini Nyari imechongwa na mvua. Mchanga huu uligandamana kuwa jiwe laini. Tone likianguka juu linafungua ufa, ufa unakuwa mfereji, mfereji unakuwa korongo. Pale palipo na tabaka gumu juu, kama kofia, mnara unasimama. Kofia ikianguka, mnara unakwisha kwa misimu michache. Kijana alituonyesha ukingo ulivyosogea kila masika kuelekea mashamba. Kazi bado inaendelea. Ni kazi ile ile tuliyoiona asubuhi ndani ya maji ya rangi ya chai, ila hapa unaisimamia ikiwa wazi.

Mjomba akasema anashuka.

Nilikataa. Kijana hakukataa. Alitangulia, akaushika mkono wake mmoja, mimi nikaushika mwingine, binti yangu akawa anataja hatua: jiwe, Babu, mchanga, teremko, tena jiwe. Tulichukua karibu nusu saa kufika mahali ambapo ukuta unakuja karibu na njia. Hapo akaweka bakora chini, akaweka viganja vyote viwili ukutani.

Alikaa hivyo kwa muda. Akatambaa na vidole juu, akashuka. Akaniambia hapa ni laini kama unga, ikabaki mkononi, na kweli ilikuwa sehemu nyeupe. Akapandisha vidole: hapa ina chembe, kama chumvi ya jaruba ambayo bado haijaoshwa, ilikuwa ya waridi. Akafika pagumu, akagonga kwa kifundo. "Hii ndiyo iliyoshika," akasema. Kijana wa Marafa, ambaye huwaongoza watu kila siku, alikuja akaweka naye mkono pale pale, akagonga.

Kurudi juu kulikuwa kugumu na kulinitia hofu, nisimulie nini. Tulifika. Tulikunywa maji yote.

Karibu na njia ya kutokea kulikuwa na meza ya mwisho ya siku, iliyo chini ya mwarobaini: mabuyu mazima, yale ya ganda lenye manyoya kama mahameli, ambayo binti yangu hakuyatambua maana yeye anayajua mabuyu mekundu ya sukari tu, asali kwenye chupa, mikeka, na vifumbu vya kuchujia tui, vimesukwa kwa miyaa ya mkoma. Mama mwenyewe alikuwa akisuka huku akiongea nasi, hatazami mikono yake hata mara moja. Mjomba alimsalimu Kigiriama. Alikichukua kifumbu, akakipitisha kati ya vidole, akamwambia kimoja kati ya hivi si chako. Mama akaacha kusuka. Akakiri: hicho ni cha binti yake, ndio kwanza anajifunza. Mjomba akakinunua hicho hicho. Bei hakuipunguza.

Tulirudi kwa njia ya Marikebuni, na magharibi ikatukuta humo. Giza la kule linaingia mara moja. Niliwasha taa, vumbi likawa ukuta mbele yetu. Nyuma binti yangu alikuwa ameegemea gunia la mananasi, kifumbu kakivaa kichwani.

"Babu," akasema, "zipo meza lakini sioni kilichopo."

"Basi ni zamu yangu," Mjomba akasema. "Mama yako ateremshe vioo vyote."

Nikateremsha. Upepo ukaingia na vumbi lake.

"Mahindi ya kuchoma," alisema. Tukapita kimwanga cha mkaa kando ya njia, mtu kainama. "Hapo ni pombe ya mnazi, wamekaa wengi." Nikasikia sauti za wanaume na kicheko, nikaviona vivuli. Tukaenda kidogo. "Viazi vya karai. Na ukwaju. Lami inakaribia." Gari likapanda lami, mlio ukabadilika. Binti yangu alikuwa amekuja mbele, kidevu juu ya bega la Mjomba, naye macho kayafumba.

"Sasa?" akamuuliza.

"Subiri kidogo."

"Matope," akasema mtoto. "Babu, nasikia harufu ya matope."

"Na nini tena?"

"Maji."

Mjomba akaniambia nipunguze mwendo, ng'ombe hurudi saa hizi. Nikapunguza, na safari hii walikuwapo, wanavuka mbele ya taa, migongo yao imelowa.